Maswali ya Wasomaji: Mtakatifu Pankrasi na bustani kubwa ya Roma

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mhariri. Nilizaliwa tarehe 12 Mei, na wazazi wangu wakanipa jina la Pankrasi kwa sababu ndiye mtakatifu wa siku hiyo. Mpwa wangu anayesoma Roma ameniandikia kwamba kanisa la somo wangu liko kando ya bustani kubwa sana ya umma, na kwamba lango la mji na barabara inayofika kwenye bustani hiyo vina jina la mtakatifu, ila bustani yenyewe ina jina la ukoo wa kitajiri. Naomba nielezwe kama bustani hiyo ilikuwa mali ya kanisa la Mtakatifu Pankrasi, na kama haikuwa, ni nini kilichowafanya wawe majirani. (P., Songea)

JIBU: Milele amina, ndugu yetu. Bustani aliyokuandikia mpwa wako ni Villa Doria Pamphilj, iliyo juu ya kilima cha Janiculum, nje kidogo ya kuta za kale za Roma upande wa magharibi. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 184, yaani ekari 455 hivi, na kwa hiyo Jimbo zima la Vatikano, lenye hekta 44, lingeweza kuingia humo mara nne na nafasi ikabaki. Haikutokana na mali ya kanisa la Mtakatifu Pankrasi. Ilikuwa shamba la ukoo wa Pamphilj, ambao ulianza kununua ardhi hapo mwaka 1630 na kuendelea kuipanua kidogo kidogo. Hata hivyo ujirani wao una sababu, na sababu hiyo ni ya zamani kuliko ukoo wa Pamphilj na kuliko Mtakatifu Pankrasi mwenyewe.

Sheria ya kale ya Warumi, iliyoandikwa katika zile Mbao Kumi na Mbili karne ya tano kabla ya Kristo, ilikataza maiti kuzikwa au kuchomwa ndani ya mji. Kila aliyefariki Roma, awe tajiri au mtumwa, alitolewa nje ya malango, na makaburi yakajipanga kandokando ya barabara kuu zote zilizotoka mjini. Via Aurelia ilikuwa mojawapo ya barabara hizo: ilipanda Janiculum, ikatoka nje, ikaelekea pwani na kisha kaskazini. Njia hiyo ya kale bado ipo kwa jina la Via Aurelia Antica, nayo ndiyo inayopita kwenye ubavu wa kaskazini wa bustani. Ndani ya bustani kwenyewe wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makaburi ya Warumi walioishi kabla Ukristo haujaenea mjini. Kaburi moja, linaloitwa la Scribonius Menophilus, liligunduliwa mwaka 1984: ni jengo la chini ya ardhi la zama za Kaisari Augusto, ambalo kuta zake zimejaa vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na mahali pa chungu cha majivu ya marehemu, na kati ya safu hizo mafundi walipaka picha ndogo za rangi. Waliowekwa humo hawakuwa wakuu wa dola. Wengi walikuwa watumwa na watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao walipata angalau kishubaka chenye jina lao.

Basi Pankrasi alipouawa kwenye Via Aurelia mwanzoni mwa karne ya nne, kilima hicho kilikuwa kimekwisha kuwa mahali pa mazishi kwa muda wa miaka 300 hivi. Mapokeo yanasema kwamba mama mmoja wa Kirumi aitwaye Oktavila aliuchukua mwili wake na kuuzika katika ardhi yake mwenyewe, karibu na pale alipokatwa kichwa. Makaburi ya chini ya ardhi yaliyoko hapo, yale tunayoyaita katakombe, yanaitwa hadi leo kwa jina la Oktavila au la Pankrasi. Juu yake Papa Simako, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 498 hadi 514, akajenga basilika, na Papa Honori I akaijenga upya katika karne ya saba ili altare iwe juu ya kaburi la shahidi.

Kuanzia hapo jina la kijana huyo likaenea juu ya kila kitu kilichokuwa jirani. Prokopio, mwanahistoria aliyekuwa Roma pamoja na jemadari Belisario wakati Wagothi walipouzingira mji mwaka 537, anataja lango la ng'ambo ya mto Tiber lililoitwa kwa jina la Pankrasi, mtu mtakatifu. Hilo ndilo Porta San Pancrazio analopita mpwa wako. Zamani liliitwa kwa jina la barabara, Lango la Aurelia, lakini mahujaji waliokuwa wakitoka mjini kwenda kusali kaburini waliliita kwa jina la yule waliyemwendea, na jina hilo likashika.

Sasa tufike kwenye bustani. Watu wa Roma walipopungua baada ya dola kuanguka, ardhi ya nje ya kuta ilibaki wazi kwa karne nyingi. Palikuwa na kanisa, palikuwa na monasteri ambayo Papa Gregori Mkuu aliwakabidhi watawa mwaka 594 kwa kuwa mapadre waliokuwapo walikuwa wakizembea Misa, na palikuwa na mashamba ya mizabibu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uhusiano wa kweli kati ya mtakatifu wako na bustani: mahali palipotengwa kwa ajili ya wafu pakaepuka kujazwa nyumba za walio hai, na kwa hiyo karne ya kumi na saba ilipokuta ukoo tajiri unatafuta ardhi pana karibu na Vatikano, ardhi hiyo ilikuwapo. Giovanni Battista Pamphilj alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1644 kwa jina la Inosenti X, na mpwa wake Kamilo akaanza mara moja kujenga jumba la fahari shambani humo. Kazi aliongoza mchongaji sanamu Alessandro Algardi. Jumba hilo halikukusudiwa watu walale humo. Lilikuwa la kupokea wageni na kuonyesha sanamu za kale, na vipande kadhaa vya sanamu na majeneza ya mawe vilivyotumika kupamba kuta zake ni vya makaburi ya Kirumi.

Karne mbili baadaye mahali hapo pa utulivu paligeuka uwanja wa vita. Mwaka 1849 Warumi walikuwa wametangaza jamhuri, Papa Pio IX akiwa amekimbilia Gaeta, mji wa pwani kusini mwa Roma, na Ufaransa ikatuma jeshi chini ya jenerali Oudinot ili kumrudisha. Jenerali huyo alikuwa ameahidi kutoushambulia mji kabla ya tarehe 4 Juni, lakini alfajiri ya tarehe 3 askari wake wakauvamia Villa Pamphilj na nyumba ya jirani iliyoitwa Villa Corsini, kwa hoja kwamba nyumba hizo zilikuwa nje ya mji wenyewe. Vikosi vya Garibaldi, jemadari aliyeitetea jamhuri, vikatoka katika lango la Mtakatifu Pankrasi kwenda kuikomboa Villa Corsini, vikaitwaa na kuipoteza zaidi ya mara moja siku ileile, vikipanda njia nyembamba iliyokuwa wazi mbele ya bunduki. Goffredo Mameli, kijana aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Italia, alijeruhiwa siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Andrea Aguyar, mwana wa watumwa wa Kiafrika aliyezaliwa Montevideo na kufuatana na Garibaldi hadi Italia, aliuawa tarehe 30 Juni, mji ulipokuwa karibu kusalimu amri. Nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu habari za vita hivyo husimuliwa mara nyingi bila jina lake.

Lango lilibomolewa kwa mizinga na kujengwa upya mwaka 1854. Villa Corsini ilikuwa magofu matupu, na mwenye shamba la Pamphilj akainunua ardhi yake, akaiunganisha na yake, na mahali nyumba ilipokuwa akasimamisha tao kubwa linaloitwa Tao la Pepo Nne. Uwanja mdogo ulio mbele ya mlango huo wa bustani unaitwa kwa tarehe ya mapigano, 3 Juni 1849. Msomaji wa Afrika Mashariki akiliona jina hilo atawakumbuka Mashahidi wa Uganda waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kulingana kwa tarehe ni kwa bahati tu, lakini haimzuii mwamini kusali sala mbili mahali pamoja.

Kugeuka bustani ya umma kulitokea katika karne iliyopita. Mkuu wa mwisho wa ukoo kuimiliki, Filippo Andrea Doria Pamphilj, aliyewapinga Mafashisti na kuwa meya wa Roma baada ya mji kukombolewa mwaka 1944, alifariki mwaka 1958. Serikali ya Italia ilikuwa imekwisha kulinunua jumba la Algardi mwaka 1957, nalo hutumika hadi leo kupokelea wageni wa kitaifa. Manispaa ya Roma ikachukua sehemu kubwa iliyobaki katika miaka ya 1960, na milango ikafunguliwa kwa watu wote mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jambo la kusikitisha ni kwamba kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960 ilipitishwa barabara kubwa ya magari katikati ya shamba, ikaligawa vipande viwili, na kidonda hicho hakijapona.

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Mtakatifu Pankrasi aliuawa akiwa na umri wa miaka 14. Jirani yangu, ambaye ni Mkristo wa kanisa lingine, ananiambia kwamba hizo ni ngano zilizotungwa na watawa. Nimjibu nini? (Mama K., Moshi)

JIBU: Mjibu kwa upole, Mama, kwamba yapo mambo ya hakika na yapo mambo ya masimulizi, na kwamba Kanisa halilazimishi mtu kuyachanganya.

Ya hakika ni kaburi, mahali, siku na heshima. Karne mbili baada ya kifo chake tayari palikuwa na basilika juu ya kaburi hilo, lango la mji lilikuwa limepewa jina lake, na sikukuu yake iliadhimishwa tarehe 12 Mei. Papa Gregori Mkuu alihubiri katika basilika hiyo siku ya sikukuu, na mahubiri hayo tunayo mpaka leo. Alifafanua maneno ya Bwana katika Injili ya Yohane sura ya 15, kwamba hakuna upendo mkuu kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Kanisa lilipoipitia upya kalenda yake mwaka 1969 na kuondoa majina ambayo habari zake hazikuwa na msingi wa kutosha, Pankrasi aliachwa mahali pake.

Ya masimulizi ni habari za maisha yake: kwamba alizaliwa Frigia, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, kwamba alikuwa yatima, kwamba baba yake mdogo Dionisi alimleta Roma wakabatizwa, na kwamba alisimamishwa mbele ya Kaisari Dioklesiani mwenyewe akakataa kutoa sadaka kwa miungu. Simulizi hizo ziliandikwa muda mrefu baada ya tukio, na zina makosa yanayoonekana. Baadhi yake humtaja Papa Korneli kuwa ndiye aliyekuwa amejificha Roma wakati huo, ilhali Korneli alifariki mwaka 253 na Dioklesiani alianza kutawala mwaka 284. Mwandishi alijua kwamba kulikuwa na dhuluma, na alijua majina makubwa ya zama za dhuluma, akayaweka pamoja bila kuangalia miaka. Kosa hilo halifuti kaburi. Umri wa miaka 14 pia unatoka katika mapokeo hayo, na sisi katika ukanda huu hatuna sababu ya kuuona kuwa ni jambo lisilowezekana, maana Mtakatifu Kizito wa Uganda alikuwa na umri kama huo alipochomwa moto, na kifo chake kilishuhudiwa na watu waliokuja kukisimulia.

Kuna sehemu moja ya heshima ya Pankrasi ambayo ningependa ijulikane zaidi, nayo ni viapo. Askofu Gregori wa Tours, aliyeandika katika karne ya sita, anasema kwamba Pankrasi ni mkali mno kwa waapao uongo, na kwamba mtu aliyethubutu kwenda kaburini kwake kuapa kwa hila alipagawa na pepo au alianguka chini akafa. Baadaye ikasimuliwa habari ya watu wawili waliokuwa na kesi. Hakimu alijua nani mkosaji, lakini akawapeleka kwanza kwenye altare ya Mtakatifu Petro, na yule mwenye hatia akaapa uongo, asipatwe na lolote. Hakimu akasema kwamba Petro ni mpole mno kwa wakosaji, basi wamwendee Pankrasi ambaye ni kijana. Mwongo alipoweka mkono juu ya kaburi la Pankrasi na kuapa tena, mkono ukanata pale pale, asiweze kuutoa, hata akafia hapo. Hata kama simulizi hiyo ni ya kuonya tu, mapapa wenyewe walijua uzito wa mahali hapo. Pelagi I aliposhukiwa, karibu mwaka 556, kwamba alihusika na kifo cha mtangulizi wake Vigili, maandamano ya sala yalianzia kwenye basilika ya Mtakatifu Pankrasi yakaenda mpaka ya Mtakatifu Petro, na huko akapanda mimbarini akiwa ameshika Injili na msalaba, akaapa mbele ya watu wote kwamba hakumtendea ubaya. Inafaa kukumbuka kwamba maandamano hayo yalipita juu ya kilima hiki hiki cha makaburi tulichokieleza juu.

SWALI: Kila nikienda kumtembelea binti yangu Uingereza hupita stesheni ya treni ya St Pancras mjini London. Je, ni mtakatifu huyo huyo, na je, huko pia kuna bustani? (Mzee wa Nakuru)

JIBU: Ni huyo huyo, Mzee wetu. Papa Vitaliani, katika miaka ya 660, alimpelekea Mfalme Oswiu wa Northumbria masalia ya mashahidi kadhaa, na Beda, mwanahistoria wa Waingereza, anamtaja Pankrasi miongoni mwao. Makanisa mengi ya Uingereza yakapewa jina lake. Stesheni, iliyofunguliwa mwaka 1868, ilichukua jina la parokia ya kale iliyokuwa hapo, ambayo kanisa lake dogo bado limesimama nyuma ya reli.

Kuhusu bustani, swali lako lina jibu la kushangaza. Reli ilipokuwa ikijengwa ilibidi makaburi mengi ya kanisa hilo yafukuliwe na kuhamishwa, na mmoja wa waliosimamia kazi hiyo alikuwa kijana mchora ramani za majengo, Thomas Hardy, ambaye baadaye akawa mwandishi mashuhuri. Eneo la makaburi lililobaki likageuzwa kuwa bustani ya umma. Kulikuwa na mti uliozungukwa na mawe ya makaburi yaliyopangwa kwa kubanana kama vitabu kwenye rafu, ukaitwa kwa jina la Hardy, nao ulianguka Desemba 2022. Bustani hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na ile ya Roma, lakini chanzo chake kinafanana: kaburi, kanisa la shahidi, kisha mahali pa watu wa mji kupumzika.

SWALI: Kwaya yetu itakwenda kuhiji Roma, na katika ratiba tuna asubuhi moja isiyo na shughuli. Je, inatosha kuiona basilika ya Mtakatifu Pankrasi na bustani kwa pamoja? (Katibu wa kwaya, Dar es Salaam)

JIBU: Inatosha, ilimradi mwanze mapema. Pandeni Janiculum kutoka mtaa wa Trastevere mpaka Porta San Pancrazio. Ndani ya jengo la lango kuna makumbusho ya vita vya mwaka 1849 tulivyovitaja. Kutoka hapo fuateni barabara ya Mtakatifu Pankrasi hadi basilikani, mwendo mfupi wa miguu. Basilika inahudumiwa na Wakarmeli wa Peku tangu mwaka 1662 na ni kanisa la parokia, kwa hiyo mtawakuta waamini wa kawaida wakisali, na inafaa kuuliza mapema saa za Misa ili kwaya isiingie katikati ya ibada. Kanisa liliporwa na askari wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya kumi na nane na masalia mengi yakapotea, lakini kichwa cha mtakatifu kilikuwa kimehifadhiwa Laterani kwa karne nyingi, kikarudishwa hapa mwaka 1966. Angalieni pia maandishi ya Kilatini yanayoonyesha mahali alipokatwa kichwa. Katakombe ziko chini ya kanisa, lakini haziwi wazi wakati wote, kwa hiyo ulizeni sakristia kabla hamjapanga kushuka.

Bustani haina kiingilio. Ingieni kwa mlango wenye Tao la Pepo Nne, kisha fuateni njia ya misonobari hadi mwone jumba la Algardi, ambalo mtaliangalia kwa nje tu, kwa kuwa ni la serikali. Mahali pa kuketi ni pengi, na mkitaka kuimba, chagueni majani yaliyo mbali na jumba hilo ili walinzi wasiwasumbue. Maji ya kunywa na chakula chukueni mjini kabla ya kupanda.